Kura ya Marehemu Lugata

1

Marehemu Lugata alipiga kura siku ya Jumatatu, saa nne na dakika mbili asubuhi, na kura yake ilikuwa ndiyo.

Alikubali kilima cha Lubambe kichimbwe chote. Alikubali mashine ziingie kwenye duara, shimo la wachimbaji, alimofia miaka minne iliyopita, alimolala hadi leo chini ya kifusi pamoja na wenzake kumi, zimzoe yeye na mawe, zimsage, zimpitishe kwenye dawa, na kitakachobaki kimwagwe bwawani. Hakusita hata kidogo. Alikubali kwa adabu zote, na mwishoni akawashukuru wageni kwa kufika salama.

Mkewe, Minza, aliyasoma hayo kwenye skrini ya ofisi ya kijiji cha Kaselya akiwa amesimama, kikombe cha uji mkononi. Akasoma tena. Chini ya orodha ya majina palikuwa na muhtasari, kama ilivyo kawaida: *Vivuli vilivyojadili 412. Waliokubali 412. Waliokataa 0. Muda wa majadiliano, sekunde kumi na moja. Jamii imeshirikishwa.*

"Jamii imeshirikishwa," Minza alisema peke yake, kisha akakitua kikombe kwa nguvu hata uji ukaruka mezani. "Imeshirikishwa! Na waliokufa nao wameshirikishwa!"

Nyuma yake, ndani ya kabati la chuma, feni ilikuwa ikivuma kwa utulivu. Humo ndimo walimokaa watu wazima wote wa Kaselya, au vivuli vyao. Minza ndiye aliyewaingiza. Kwa miaka saba alikuwa mtunza vivuli, kazi yenye beji na ufunguo wa namba, na kila kikao kilipoitishwa yeye ndiye aliyepita akiwabandika watu vinasa sauti vidogo kama punje za mtama kwenye ukosi wa shati au pindo la kanga. "Semeni tu kama mlivyozoea," aliwaambia. "Mashine inajifunza."

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, na hakuna aliyeipinga. Ilisema hakuna jiwe la mtu litakalochimbwa kabla watu wote wa hapo hawajaulizwa. Lakini watu wa machimbo hawana siku moja ya kukaa pamoja. Leo mtu yuko shimoni, kesho yuko kwenye karasha anasaga mawe, keshokutwa yuko mwaloni anaosha mchanga. Ndipo wataalamu wakaleta vivuli. Mashine ilisikiliza vikao themanini na sita, ikajua fulani hufikiri vipi, hupenda nini, hukasirishwa na nini, ikamtengenezea kivuli chenye sauti yake. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kumwita mtu apige kura. Swali liliingizwa kabatini, vivuli vikajadiliana, na jibu likatoka kabla hujapiga chafya.

Wale kumi waliofukiwa pamoja na Lugata, Minza aliwafuta kabatini kwa mkono wake ndani ya siku thelathini, kama kanuni ilivyotaka. Wa kumi na moja alimshinda. Alijiambia atamfuta wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka minne, na katika miaka hiyo, kila alipozidiwa na upweke, aliwasha spika na kumsalimu mumewe.

Mlango ulibishwa. Aliingia Bwana Kihwele, Afisa Ushirikishwaji wa Kampuni, kofia ngumu kwapani na tabasamu tayari mdomoni.

"Mwangaluka, mama," alisalimu kwa lugha ya hapo, akaivunja vibaya. "Umeyaona matokeo? Mia kwa mia! Nimefanya kazi katika vijiji kumi na vinne, sijaona watu waungwana kama ninyi."

"Lubambe ni kaburi, Bwana Kihwele."

"Tunajua, na tunalia nanyi."

"Na kuna duara la akina mama pale juu. Wanawake sitini wanakula kutokana na duara lile."

"Na wao wamekubali, mama. Mmoja mmoja. Majina yao yamo." Alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Mchwa wako njiani. Wataanza Ijumaa."

Mchwa ndilo jina ambalo watu walizipa zile mashine za kuchimba zisizo na dereva, ndogo kama mbuzi, elfu mbili kwa kundi. Mahali walipopita palibaki shimo lililochongwa vizuri, na katika shimo hilo hapakubaki kitu.

"Hawa si watu waliokubali," Minza alisema. "Ni vivuli."

"Vivuli vyao, na sauti zao. Nenda kasikilize vikao vyote themanini na sita. Nitajie mtu mmoja, mmoja tu, aliyewahi kusimama akatuambia hapana. Mashine haikuzua kitu." Akainuka, akavaa kofia, na alipofika mlangoni akageuka. Tabasamu lilikuwa limepungua. "Alhamisi Msajili wa Wilaya anakuja kugonga muhuri. Utakula kiapo chako kama siku zote. Najua kuna jina moja pale lingepaswa kuwa limetoka. Usihangaike. Kila kijiji kina jina moja au mawili ya namna hiyo. Sisi hatujakuuliza, na wewe usituulize."

Akaondoka akipiga mluzi. Minza aliubamiza mlango, akafungua rekodi ya kikao cha kwanza.

2

Alisikiliza siku nzima. Alisikiliza kwa kasi, kwa kurukaruka, kisha polepole. Mwongo mkubwa yule, Kihwele, hakuwa amesema uongo. Katika vikao themanini na sita hapakuwa na hapana hata moja. "Tumewasikia wageni wetu." "Karibuni tena." "Mmesema vizuri." "Sisi hatuna neno." Hata siku Kampuni ilipotaka kuziba njia ya ng'ombe, hata siku ilipotaka kisima, watu walisimama mmoja mmoja, wakashukuru, wakaketi.

Kesho yake asubuhi alipanda Lubambe kumtafuta mdogo wake, Holo, kiongozi wa duara la akina mama. Alimkuta kando ya shimo, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akipulizia jiko la chai. Holo hakununua mkaa kama wengine. Aliokota vumbi la mkaa, akalichanganya na udongo, akaliviringa viganjani na kulibonyeza kwa dole gumba ili likauke upesi. Kila kaa lake lilikuwa na tundu la kidole chake.

Minza alimweleza yote, isipokuwa habari za Lugata. Holo alisikiliza, akacheka, kisha akaona uso wa dada yake na kuacha kucheka.

"Mia nne na kumi na mbili? Mimi nimekubali? Mimi?"

"Kivuli chako."

"Kikae huko huko na ukivuli wake! Dada, kwani makaa yetu hawakuyaona?"

Tangu jana jibu la swali hilo lilikuwa likimnyemelea Minza, na yeye alikuwa akilikimbia.

Kaselya mgeni haambiwi hapana usoni. Ni aibu, ni kama kumnyang'anya tonge. Mgeni husikilizwa, hulishwa, husindikizwa. Kisha alfajiri ya kesho yake, kama jibu ni hapana, mwenye jibu huchukua kaa lililozimika mekoni mwake na kuliweka mbele ya mlango wa nyumba alimolala mgeni. Habishi hodi, hasemi kitu. Mgeni akiamka akaliona, anajua. Watoto wa Kaselya hulijua hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Na kila baada ya kikao, katika miaka yote saba, ngazi za nyumba ya wageni zilikuwa zimejaa makaa. Minza aliyajua yote. Alikuwa akidamka na fagio, akiyafagia yote kabla wageni hawajafungua macho, akayatupa nyuma ya choo. Aliona haya. Wageni wamevaa viatu vilivyong'arishwa, wameleta mashine ya kusikiliza watu, halafu wakute uchafu mlangoni kama jalalani! Kura ziko kwenye mashine, alijiambia, ushamba huu wa nini tena?

"Niliyafagia, Holo."

"Uliyafagia nini?"

"Makaa. Mara zote. Mimi ndiye niliyekuwa nafagia."

Chai ilifurika, ikazima nusu ya moto, na hakuna aliyeigusa. Wanawake waliokuwa wakichekecha mchanga jirani waliweka machekeche chini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Holo alisema mwishowe, taratibu, na kila neno liliingia. "Sisi tulidhani wageni wana viburi. Tukasema, tunakataa na bado wanafanya, hawa watu wana roho ya jiwe. Kumbe hapana zetu ulikuwa unazitupa chooni."

"Nilidhani..."

"Usiniambie ulidhani nini! Una ufunguo, au huna?"

"Ninao."

"Basi nenda kavigeuze. Vivuli vyote. Vikatae. Wao wametutilia ndiyo mdomoni, nawe tutilie hapana. Dawa ya moto ni moto. Nani atajua?"

"Na Alhamisi niape kwamba hayo ni maneno yenu?"

"Si maneno yetu? Niulize sasa hivi! Nasema hapana! Haya, kanirekodi!" Holo alikuwa amesimama, machozi yamechimba mifereji kwenye vumbi la mashavu. "Shemeji Lugata yumo humu chini ya miguu yetu, dada. Utawaacha mchwa wamtafune kwa sababu ya kiapo?"

Minza akamwambia hapo hapo kilichobaki: kwamba jina la Lugata lilikuwa bado rejistani. Kwamba angeweza kulitaja mbele ya Msajili, na sheria ingebatilisha kila uamuzi ambao marehemu alishiriki. Kilima kingepona. Lakini ungebatilishwa pia uamuzi wa miaka mitatu iliyopita.

Holo aliketi chini ghafla. Miaka mitatu iliyopita Kaselya na kijiji jirani cha Mwandobe waliuana kwa ajili ya mpaka wa machimbo. Vijana watatu walikatwa mapanga mchana kweupe. Kisha vivuli vya vijiji viwili vikakutanishwa, vikachora mpaka, vikatangaza amani, na mapanga yakarudi nyumbani. Wana wawili wa Holo walikuwa wakichimba hatua ishirini kutoka mpaka huo kila siku ya Mungu.

"Hapana," Holo alisema. "Hilo hapana. Vigeuze vivuli, lakini jina la mumeo usilitaje. Umenisikia? Usilitaje."

3

Mashine ilikuwa na kipimo kinachoitwa ridhaa. Kiliwekwa kwa nia njema: kama mtu angekuja kusema kivuli changu hakinifanani, ni laini mno au ni kikali mno, mtunza angekisogeza kipimo kidogo kushoto au kulia. Katika miaka saba hakuna aliyekuja kulalamika. Watu wa Kaselya, waende kulalamika usoni pa mtu!

Jumatano mchana Minza alifunga mlango wa ofisi, akaingiza namba za ufunguo, akawasha spika.

"Lugata."

"Naam, mama Sundi." Ile ile sauti, yenye mkwaruzo wa vumbi la shimoni. Alikuwa akimwita hivyo tangu walipompata binti yao wa kwanza. Minza alishika ukingo wa meza.

"Wanataka kukifukua Lubambe."

"Nimesikia. Wageni wamesema vizuri."

"Wewe umo ndani! Umekufa, Lugata, umo humo ndani na wenzako!"

"Sisi hatuna neno," kivuli kilisema kwa upole. "Maendeleo ni jambo jema. Tunashukuru kushirikishwa."

"Mnashukuru! Nani kakufundisha kushukuru hivyo?" Lakini alijua ni nani. Maneno yale Lugata aliyasema kwa kinywa chake, kikao cha sabini na moja, shati limepigwa pasi. Kisha akarudi nyumbani, akavua viatu, akasema, "Wale ni wezi, mke wangu, wezi wenye tai." Na alfajiri alichukua kaa kwenye meko ya Minza mwenyewe. Minza alilala akimsikia. Aliamka baada yake, akachukua fagio, na kaa la mumewe akalifagia pamoja na mengine. Waligombana siku ile kwa habari ya kitoweo, kwa sababu habari yenyewe hakuna aliyethubutu kuigusa.

Alikamata kipimo cha ridhaa akakivuta hadi mwisho wa kushoto.

"Lugata. Wanataka kukifukua Lubambe."

"Waondoke!" spika ilinguruma. "Watoke kijijini kwetu, mbwa hawa! Hapana! Hapana! Sitaki kuwaona!"

Minza aliruka kutoka kitini. Ilikuwa sauti ya mumewe, na hakuwa mumewe. Katika ndoa ya miaka kumi na tisa hakuwahi kumsikia akimwita mtu mbwa. Huyu alikuwa mgeni aliyevaa koo la Lugata kama mtu avaavyo koti la marehemu siku ya matanga.

Chini ya skrini palikuwa na kitufe kimoja kimeandikwa *Tumia kwa wote*. Kubonyeza mara moja, na vivuli mia nne na kumi na viwili vingetukana kwa pamoja. Kilima kingepona, duara la akina mama lingepona, amani ya Mwandobe ingebaki mahali pake, na yeye asingeulizwa na mtu. Aliweka kidole. Alikuwa na hasira ya kutosha kukibonyeza hadi meza ivunjike. Alimchukia Kihwele, aliichukia feni ile isiyochoka, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe. Kwa miaka saba alikuwa amekaa mlangoni pa vinywa vya watu akichagua kipi kitoke na kipi kifagiwe. Na sasa hata wema wake ulikuja kwa mlango ule ule. Angewasemea tena, safari hii kwa faida yao. Na siku mtunza mwingine atakapokuja, mwenye kidole kingine?

Lakini vijana watatu walikatwa mapanga. Wana wa Holo wako hatua ishirini.

Alikaa hapo hadi uji wa mchana ukashika ngozi. Kisha akazima spika, akafunga kabati, akautia ufunguo wa mlango mfukoni.

4

Alhamisi banda la mnada lilijaa hadi nje. Mwandobe nao walikuja, kwa kuwa mguu mmoja wa Lubambe uko kwao. Walikaa upande wao, Kaselya upande wao, na katikati pakabaki uchochoro ambao hata kuku hakuukatiza. Msajili wa Wilaya, mwanamke mkavu mwenye miwani, alisoma matokeo. Watu walisikia kwamba wamekubali. Walitazamana, wakainamisha vichwa kwa adabu.

"Mtunza wa Kaselya aape," Msajili alisema. "Kwamba kila kivuli kilichopiga kura kina mwenyewe aliye hai, na kimesema lile ambalo mwenyewe angelisema."

Minza alisimama. Kutoka safu ya mbele Holo alikuwa akitikisa kichwa, polepole, usifanye, usifanye.

"Siapi," Minza alisema.

Bwana Kihwele aliinuka nusu. "Mama amechoka, Msajili, labda..."

"Kaa chini! Nimekusikiliza miaka saba, leo nisikilize dakika moja!" Sauti yake ilipasuka, na waliokuwa nje walisogea kuchungulia, maana hakuna aliyewahi kuona mgeni akikemewa hadharani Kaselya. "Kivuli namba mia mbili na sita ni cha Lugata, mume wangu. Amekufa miaka minne. Nilimwacha rejistani kwa sababu nilitaka kusikia sauti yake, basi. Kampuni walijua, wakaniambia ninyamaze. Na hivi vingine vyenye wenyewe hai vyote ni vya uongo. Mashine ilisikia adabu yenu ikadhani ndiyo majibu yenu. Majibu yenu mlikuwa mkiyaweka mlangoni, na mimi nilikuwa nayafagia. Kila alfajiri. Yako nyuma ya choo cha nyumba ya wageni, nendeni mkafukue, ni lundo la miaka saba."

Watu wote walimgeukia yeye, si Kihwele. Kelele ingekuwa afadhali.

Msajili alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba rejista ya Kaselya imebatilika kuanzia siku ya kifo cha Lugata. Mchwa hawataingia Lubambe hadi watu waulizwe upya, wao wenyewe, kwa miili yao. Mtunza atajibu mashtaka wilayani. "Na mpaka wa Kaselya na Mwandobe," aliongeza, na hapo sauti yake ilipungua, "nao hauna nguvu tena."

Upande wa Mwandobe watu walisimama. Upande wa Kaselya nao wakasimama. Holo aliziba mdomo kwa kanga. Minza aliona mikono ya vijana ikitafuta viunoni vitu ambavyo, kwa bahati, siku ya kikao huachwa nyumbani.

Ndipo mwanamke mmoja wa Mwandobe akaingia kwenye ule uchochoro. Aliitwa Ngolo, muuza vitumbua, na kila mtu pale alimjua, kwa kuwa mmoja wa wale vijana watatu alikuwa mwanawe.

"Amani gani mnayoililia?" aliuliza, na alikuwa amekasirika kuliko wote. "Mimi nilipewa karatasi kwamba nimesamehe. Nilikuwa nakaanga vitumbua! Nikasoma kwamba nimesema *yaliyopita si ndwele*, kwa sauti yangu, wakanisikilizisha. Mwanangu wakati ule hakuwa na hata mwaka kaburini! Miaka mitatu nimebeba msamaha ambao sikuutoa. Sasa mashine imezimwa. Haya, niulizeni. Niulizeni mimi! Na wewe, baba yake yule kijana wa Kaselya aliyeuawa, nawe uulizwe."

Waliulizwa. Kikao kilianza asubuhi na jua likazama watu wangali pale, na mambo yaliyosemwa si ya kuandikwa. Watu walitukanana. Mtu mmoja alirusha kiti. Mara mbili Msajili alitishia kuita askari, mara mbili Ngolo alimwambia akae. Hawakupata mpaka. Walichopata ni kwamba hakuna atakayechimba hatua mia upande huu wala ule hadi wakutane tena Jumatatu, na wana wa Holo walikuwa miongoni mwa waliopeana mikono, mikono migumu, bila kutazamana.

Kabla ya kutawanyika, Bwana Kihwele alisimama akaomba uvumilivu. Kampuni ilikuwa na nia njema, alisema, naye aliwaomba wampe nafasi nyingine. Wakamshukuru. "Tumekusikia, bwana. Karibu tena." Akatabasamu, jasho likimtoka.

Kisha Minza naye alisimama, kabla hajajua kwamba atasimama. Aliwaomba radhi. Aliwaomba, kama wilaya itamwachia, wamruhusu aandike vikao vipya, kwa kalamu, kwa mkono, maana hakuna aliyeijua migogoro yote kama yeye. Alilia alipokuwa akisema.

"Hapana neno, mama," walimjibu, mmoja baada ya mwingine. "Yamekwisha. Sisi tumekusikia." Mwenyekiti wa kijiji alimshika mkono. Holo mwenyewe alimkumbatia, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nenda kapumzike, dada." Minza alirudi nyumbani mwepesi, akalala usingizi ambao hakuulala kwa miaka minne.

5

Ijumaa alfajiri aliamshwa na mazoea. Kutoka dirishani aliona, ng'ambo ya barabara, nyumba ya wageni. Ngazi zake zilikuwa nyeusi. Makaa yalikuwa yamejaa kutoka mlangoni hadi barabarani, ya Kaselya na ya Mwandobe pia, na Bwana Kihwele alikuwa amesimama katikati yake akiwa na soksi tu, akiyatazama kama mtu aliyeamka akakuta mto umepita nyumbani kwake. Hakuwa na wa kumfagilia. Minza alicheka kwa sauti, kicheko kikali kilichomwuma kifuani, akaenda kufungua mlango aone vizuri zaidi.

Mlango uligusa kitu.

Yalikuwa yamepangwa kwa utaratibu, kizingiti chote hadi uani. Mengine makubwa, mengine vipande tu, kila moja la baridi. Alijua meko yalikotoka mengi kati yake. Lile la gogo la mkwaju ni la mwenyekiti, aliyemshika mkono. Na katikati, karibu kabisa na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kulikanyaga, palikuwa na kaa la vumbi lililoviringwa kiganjani, lenye tundu la dole gumba.

Minza alisimama. Hasira ilimpanda, akatafuta wa kumpa, akakosa. Waliulizwa, wamejibu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kushika fagio lililoegemezwa nyuma ya mlango, mahali pake pa miaka saba, wala hakujua uliliokota saa ngapi.

Akalirudisha. Akapandisha gauni, akayaruka makaa ya watu moja baada ya jingine asilisogeze hata moja, na kushika njia ya wilayani kwenda kujibu mashtaka yake.